Sura ya Tano: Mbegu Iliyo kwa Jirani

Mbegu nyingi za kunde, mbaazi, ndengu na maharagwe zinazopandwa Machakos hazijawahi kupita katika duka la pembejeo. Hutoka ghalani mwa mwenye shamba, kwa mama mkwe, kwa jirani wa ng'ambo ya mto, au katika gunia la mchuuzi siku ya soko. Hizi ndizo mbegu za kienyeji: aina ambazo wakulima wenyewe wamezichagua msimu baada ya msimu, zikarithiwa na kugawanwa bila pakiti wala lebo. Jambo hili si la Machakos wala la Ukambani, nchi ya Wakamba, peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wakulima wadogo wa nchi sita, Kenya na Kongo zikiwamo, ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya mbegu zao zilitoka nje ya mfumo rasmi, na kama nusu ya mbegu zote ilinunuliwa katika masoko ya kawaida.

Hesabu hiyo ya soko ishikwe mapema, maana habari za ukarimu wa wakulima hupenda kutiwa chumvi. Mkulima wa Mwala au Yatta hagawi mbegu ovyo, na hapewi ovyo. Ukipima kwa kilo, mbegu ya kupewa ni kidogo mbele ya ile ya akiba yake na ile ya kununua. Thamani yake iko katika wakati inapofika: mtu anapoanza shamba, anapotamani aina asiyokuwa nayo, au mbegu yake inapoharibika na mvua imekwisha kuanza.

Huu wakati wa mwisho ndio unaoeleza mengi. Machakos hupata mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kwa Ukambani mvua fupi za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa zaidi. Wengi hupanda ardhi ikiwa bado kavu ili mbegu isikose hata siku moja ya unyevu. Mvua ikinyesha siku tatu kisha ikapotea wiki mbili, miche hukauka na shamba hurudi kuwa tupu. Hapo inatakiwa mbegu ya pili, na inatakiwa upesi, kwa sababu kila siku inayopita ni siku iliyoondolewa katika msimu ambao wenyewe ni mfupi. Aliyepanda yote aliyokuwa nayo hana la kufanya ila kubisha hodi. Jirani aliyebakiza gorogoro mbili za ndengu ndiye anayeokoa msimu huo, na ndiyo maana wakulima waangalifu hawapandi mbegu yote kwa mara moja.

Kwamba kiasi kidogo hivyo kinaweza kufaa ni kwa sababu ya maumbile ya mimea yenyewe. Kunde, ndengu na maharagwe hujichavusha: ua hupata chavua yake kabla ya nyuki kulifikia, hivyo mtoto hufanana na mzazi. Kiganja kimoja cha kunde kikipandwa kwa uangalifu misimu miwili au mitatu hutosha kujaza shamba, na kitakachorudishwa kwa mtoaji kitakuwa aina ileile aliyoitoa. Mimea hii ndiyo rahisi kugawana, na si ajabu kwamba ndiyo inayogawanwa zaidi.

Mbaazi hazina utulivu huo. Nyuki hupenda maua yake, na sehemu ya mbegu huwa imechanganyika na mbaazi za shamba la pili. Maboga nayo huchavushwa na wadudu, na mahindi huchavushwa na upepo, ambao hauulizi mpaka wa nani. Mwenye mahindi ya kienyeji aliyezungukwa na mahindi ya haibridi atavuna mchanganyiko hata akichagua mbegu kwa makini. Njia zake ni mbili: kupanda mbali, jambo gumu kwa mwenye ekari moja, au kupishana na majirani kwa wiki tatu hivi ili mahindi yake yatoe mbelewele wakati ya wengine yamekwisha kuchavuka. Zaidi ya hayo, anapaswa kuchukua mbegu kwenye mashina mengi ya katikati ya shamba, kwa sababu mahindi yanayozaliwa kutokana na mashina machache hudhoofika vizazi vinavyofuata. Kwa mbaazi, maboga na mahindi, basi, urafiki huanza kabla ya kugawana chochote. Bila masikilizano na wanaopakana naye, mtunzaji hana aina ya kumpa mtu.

Utunzaji wa mbegu za jamii ya kunde kwa kawaida uko mikononi mwa wanawake. Wao ndio huchambua maganda yaliyokomaa vizuri kabla ya mavuno ya jumla, hukausha, hupeta, na kuhifadhi katika vibuyu au mitungi baada ya kuchanganya mbegu na majivu ya jikoni. Mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Yote hayo ni vita na fukusi, ambao hutaga mayai juu ya punje za kunde tangu zikiwa shambani na kuzitoboa baadaye zikiwa nyumbani, na dumuzi, aliyeingia Kenya miaka ya 1980 na kuyageuza mahindi unga yakiwa bado kwenye magunzi. Waswahili husema akiba haiozi. Msemaji hakuwa na kunde ghalani. Mbegu ni akiba inayooza, inayotobolewa na inayozeeka, na baada ya miaka michache huacha kuota hata ikiwa nzuri kwa macho. Kuitunza maana yake ni kuipanda tena na tena, na hakuna mtu mmoja mwenye shamba la kupanda kila aina kila msimu.

Hapa ndipo ukarimu unapopata sababu ambayo wengi huipuuza. Anayempa jirani mbegu ya mbaazi zake anajiwekea akiba katika shamba jingine. Yake ikiliwa na mbuzi, ikiungua au ikikosa mvua, anajua pa kwenda. Kwa hiyo mtoaji mzuri ni mchaguzi. Humpa anayepalilia kwa wakati na asiyepika mbegu njaa ikibisha. Mvivu hujibiwa kwa upole kwamba zimekwisha. Kumwita mtoaji huyo mbinafsi ni kumwonea, maana mbegu iliyokabidhiwa mtu asiyeipanda imepotea kwa wote wawili. Pamoja na mbegu hutolewa maelezo: kwamba aina hii huiva mapema lakini majani yake si matamu, kwamba ile yapandwa mbalimbali kwa sababu hutambaa, kwamba nyingine huchelewa kuiva jikoni na kumaliza kuni. Gunia la sokoni halina maelezo ya namna hiyo. Marejesho nayo hayaandikwi popote. Huweza kuja kama mbegu ileile baada ya mavuno, kama mbegu ya aina nyingine, au kama siku moja ya jembe.

Desturi ya kubadilishana kazi ina mizizi mirefu hapa. Vikundi vya mwethya, ambavyo kwa asili vilikuwa majirani na ndugu walioitana kusaidiana, ndivyo vilivyochimba sehemu kubwa ya matuta yanayozuia mmomonyoko katika miteremko ya Machakos, na wengi wao walikuwa wanawake. Watu wanaokutana kila wiki wakilima shamba la mmoja wao huona kwa macho yao kunde za nani zimestahimili jua. Hawahitaji onyesho la kilimo kujua mbegu bora iko wapi. Matuta yenyewe yalikuwa onyesho.

Hata hivyo, jirani wa karibu ana udhaifu mmoja. Ukame ukimpiga mwenye shamba, humpiga na jirani yake. Njaa kubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1890, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, haikumwachia mtu jirani mwenye ghala. Katika karne hiyo watu wa Ukambani walikuwa na safari walizoziita kuthuua, za kwenda kutafuta chakula kwa jamii zilizovuna, na waliokuwa na ndugu au marafiki katika nchi za milimani walikuwa na mahali pa kufikia. Mantiki hiyo inafaa kwa mbegu hadi leo, na Machakos imejaliwa nayo katika ardhi yake. Mji uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, vilima vya Iveti na Mua vimeinuka zaidi, na ardhi hushuka hadi takriban mita 1,100 upande wa Masinga, ambako kuna joto na mvua ni chache. Ndengu huiva mapema kule chini na kuchelewa juu. Msimu unaoua mazao ya Yatta unaweza kuacha kitu Kangundo. Binti wa Kangundo aliyeolewa Masinga, mwenye mbegu za kwao katika kibuyu, ni daraja kati ya nyanda mbili. Kwa usalama wa mbegu, rafiki mmoja wa mbali ana faida kuliko watano wa kijiji kimoja.

Njia hizihizi zilibeba pia mbegu za kisasa. Kituo cha utafiti cha Katumani, kusini mwa mji wa Machakos, kilitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 mahindi ya Katumani Kompoziti B, yanayokomaa mapema ili yamalize kazi kabla mvua haijakatika. Kwa kuwa si haibridi, mkulima aliweza kuchukua mbegu katika mavuno yake na kumpa mwenzake, na hivyo yakaenea mbali na kuchanganyika na mahindi ya wenyeji. Kunde za Machakos 66 na Katumani 80, na ndengu za N26 ambazo wakulima waliziita nailoni, zilipitia mikono hiyohiyo. Katika ghala la mkulima mpaka kati ya mbegu ya kienyeji na ya kitaalamu si mkali kama ulivyo katika vitabu.

Kugawana kuna hatari zake. Maharagwe hubeba ndani ya punje magonjwa kama chule na virusi vya batobato, na vipando vya mihogo husambaza batobato kali. Mpokeaji mwangalifu hutazama shamba la mtoaji kabla ya mavuno, hukataa punje zenye madoa, na hufunga mbegu mia moja katika gunia bichi kuona ngapi zitaota. Zikiota chini ya themanini, hupanda nyingi zaidi au hutafuta nyingine.

Hatari hizo ndizo zilizotajwa kila mara kutetea Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ya mwaka 1972. Baada ya marekebisho ya 2012, mkulima aliyebadilishana au kuuza mbegu isiyoidhinishwa aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Adhabu hiyo haikupatana na ibara ya 11 ya Katiba ya 2010, inayolitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa jamii za Kenya juu ya mbegu za asili. Wala haikulingana na kosa lenyewe: ugonjwa wa maharagwe hauzuiwi kwa kumfunga mama aliyemgawia dada yake kiganja cha kunde.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15, wanachama wa benki za mbegu za vijijini, waliipinga sheria hiyo mahakamani. Kesi ilisikizwa katika Mahakama Kuu ya Machakos, na tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vilivyowapa wakaguzi uwezo wa kuvamia benki za mbegu na kutwaa mbegu, pamoja na vile vilivyowapa wazalishaji wa aina mpya haki nyingi huku mkulima akiachwa mikono mitupu, vilikwenda kinyume cha Katiba. Hukumu ilitolewa katikati ya mvua fupi, majira ambayo mbegu ya jirani hutafutwa kuliko majira mengine yoyote.