Wamisri wa Kale: Rangi, Vinasaba na Ugomvi wa Karne Mbili

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanaakiolojia Mwingereza John Garstang alikuwa akifukua makaburi yaliyochongwa mwambani katika eneo la Nuwayrat na Beni Hasan, kilomita 265 hivi kusini mwa Cairo. Katika kaburi moja palikuwa na chungu kikubwa cha udongo, na ndani ya chungu amezikwa mwanamume. Mifupa yake ilisafirishwa hadi Liverpool, ikanusurika hata mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Julai 2025 jarida la Nature lilichapisha vinasaba vyake vyote, vilivyosomwa kutoka kwenye meno. Kabla yake, hakuna Mmisri wa zama hizo aliyewahi kusomwa vinasaba kwa ukamilifu huo.

Aliishi kati ya mwaka 2855 na 2570 KK, ujenzi wa piramidi ulipokuwa ukishika kasi. Alifariki akiwa na umri wa kati ya miaka 44 na 64, urefu wake haukuzidi sana sentimita 160, na viungo vyake vilikuwa vimeliwa na baridi yabisi. Mifupa ya nyonga inaonyesha mtu aliyeketi saa nyingi juu ya kitu kigumu. Mikono na shingo zinaonyesha mtu aliyenyoosha mikono mbele huku ameinamisha kichwa. Watafiti wanakisia alikuwa mfinyanzi. Takriban asilimia 80 ya asili yake inafanana na ya watu wa kale wa Afrika Kaskazini, na asilimia 20 inafanana na ya watu wa Mesopotamia, yaani Iraq ya leo na majirani zake. Kuhusu ngozi, makisio ya vinasaba yanaelekea kwenye weusi uliokolea. Makisio hayo yanapaswa kupokelewa kwa tahadhari, kwa kuwa vipimo vyake vimetengenezwa zaidi kwa takwimu za watu wa nje ya Afrika.

Sasa mtu huyu tumwite nani? Mwenye babu wa Mesopotamia na ngozi nyeusi haingii katika sanduku lolote kati ya yale mawili, la "Wazungu" na la "weusi", ambayo wasomi wamekuwa wakigombania tangu karne ya 19. Asili ya mtu na rangi ya ngozi yake ni mambo mawili tofauti. Hili si fumbo la Misri peke yake. Mwaka 2017 timu ya mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff ilitoa matokeo ya kupima rangi ya ngozi ya watu 2,092 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Iligundua kwamba mabadiliko kadhaa ya kinasaba yanayopunguza weusi wa ngozi, pamoja na yale yanayouongeza, yamekuwepo Afrika kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mengine yaliingia Afrika Mashariki kutoka nje miaka elfu chache tu iliyopita. Weusi wenyewe, kumbe, una viwango vingi ndani ya bara hili.

Lakini ugomvi huu haukuanzishwa na maabara. Mwaka 1844 daktari wa Philadelphia, Samuel George Morton, alichapisha kitabu juu ya mafuvu ya Misri, mengi aliyopelekewa na George Gliddon, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Marekani huko Misri. Morton alikuwa akipima ujazo wa mafuvu kwa kuyajaza mbegu na baadaye vipande vya risasi, kisha akatangaza kwamba waliojenga Misri walikuwa watu wa jamii ya Wazungu na kwamba weusi huko walikuwa watumwa. Kitabu kilitoka wakati majimbo ya kusini mwa Marekani yakiishi kwa jasho la watumwa, na watetezi wa utumwa walikipokea kwa mikono miwili.

Wazo hilo lilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyekaa katika ikulu ya mfalme Rumanika huko Karagwe kabla ya kufika Buganda, aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka kaskazini na ni bora kuliko Waafrika wengine. Hiyo ndiyo nadharia ya Wahamu: kila kilichostaarabika Afrika lazima kililetwa na mgeni. Wabelgiji waliijenga ndani ya utawala wa Rwanda, wakiwahesabu Watutsi kuwa wageni hao, na kuibandika kwenye vitambulisho vya miaka ya 1930. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alihutubia mkutano akitaka Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, miili ilielea katika mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Anayedhani mabishano kuhusu mafirauni ni mchezo wa wasomi aikumbuke mito hiyo.

Aliyeipinga nadharia ya Wahamu kwa nguvu kuliko wote ni mwanahistoria Cheikh Anta Diop wa Senegal. Mwaka 1974 UNESCO iliwakutanisha wataalamu mjini Cairo, naye akaenda na Théophile Obenga wa Kongo. Ripoti ya mkutano ilikiri kwamba wengi wa wenzao hawakuwa wamejiandaa kama wao. Diop alipima pia melanini katika ngozi za maiti zilizokaushwa. Hapo namwona alipungukiwa, kwa sababu kila binadamu ana melanini, na dawa za kuhifadhia maiti huiharibu ngozi. Hata hivyo, katika jambo kubwa alikuwa sahihi: Misri ni Afrika, na haiwezi kueleweka ikitengwa na Sahara iliyokuwa na majani, na Nubia, na wafugaji wa kusini. Lugha yake ya kale ni ya familia moja na Kisomali, Kihausa na hata Kiiraqw cha Mbulu.

Upungufu wa leo uko kwenye sampuli. Joto huharibu vinasaba haraka, hivyo vilivyosomwa ni vichache. Utafiti uliotangazwa sana mwaka 2017 ulipata data pana za vinasaba vya watu 3 tu, pamoja na vinasaba vya upande wa mama vya watu 90, wote kutoka Abusir el-Meleq, Misri ya Kati, wengi wao wakiwa wa zama za mwisho, wageni wengi walipokuwa wameshaingia Misri. Walionekana karibu zaidi na watu wa Mashariki ya Kati. Magazeti yakaandika kana kwamba Misri yote imepimwa, ingawa watafiti wenyewe walionya kwamba sehemu moja haiwezi kuwakilisha nchi nzima.

Mifupa inayokosekana zaidi ni ya kusini: Luxor, Aswan, Nubia. Baadhi iko Sudan, na tangu vita vianze Aprili 2023 Makumbusho ya Taifa ya Sudan mjini Khartoum, yenye hazina za ufalme wa kale wa Kush, yameporwa. UNESCO, Umoja wa Afrika na vyuo vikuu vyetu viyaokoe mabaki hayo na kujenga maabara za kuyasoma humu humu barani, kabla ushahidi haujauzwa sokoni.