Gari Likinukia Utamu: Kubadilisha Rejeta ya Hita Kwenye Pikapu Kuukuu

Kila ikifika Novemba hapa Minnesota naulizwa swali lilelile na wenzetu walionunua magari ya bei poa wakati wa kiangazi. Mbona kioo cha mbele kinaingia ukungu wenye mafutamafuta ambao haufutiki? Na mbona ndani kunanukia kama sharubati? Wengine hununua manukato ya kutundika kwenye kioo wakidhani ni uchafu tu. Sio uchafu. Mara nyingi rejeta ya hita imetoboka, na ukiiacha itakuumiza, ama mfukoni ama barabarani.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wetu hatukuwahi kukifahamu nyumbani. Dar au Mombasa nani anawasha hita? Fundi akikuta inavuja anaunganisha mipira miwili pale karibu na injini, maji yanazunguka bila kuingia ndani ya gari, na wewe unaendesha miaka kumi bila kujua kuna kitu kimeondolewa. (Watu wa Njombe na Limuru najua mtanibishia, ukungu wa asubuhi mnaujua.) Sasa hita ya gari haina moto wake wala koili ya umeme kama jiko. Inatumia joto ambalo injini ingelitupa. Maji yanayopoza injini, yakiwa yamechanganywa na kulanti, hutoka kwenye injini yakiwa na joto la nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Sehemu ya maji hayo hupitishwa kwenye rejeta ndogo, ukubwa kama wa kitabu kinene, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, hewa inapata moto, inakufikia miguuni na kwenye kioo. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo.

Kwa hiyo ikitoboka, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Kulanti inapuliziwa ndani ya kabini kama mvuke na kuganda kwenye kioo, na injini inaanza kupungukiwa maji. Hilo la pili ndilo linaloua gari. Maji yakipungua sana, hata geji ya joto inaweza kukudanganya, kwa sababu kihisio kimebaki hewani badala ya kuwa ndani ya maji. Unaona mshale umetulia, kumbe gasketi ya silinda hedi inaungua.

Kabla hujafungua chochote hakikisha ugonjwa ni huo. Washa injini mpaka ipate moto, weka hita ya juu kabisa, kisha gusa kwa tahadhari mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kabini. Yote miwili ikiwa ya moto na ndani bado baridi, tatizo liko kwenye feni au kile kilango kinachoelekeza hewa, rejeta haina kosa. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, rejeta imeziba. Yote vuguvugu, angalia kiwango cha maji kwanza, halafu thamostati, ambayo huenda imekwama ikiwa wazi, nayo ni spea ya dola chache. Lakini kukiwa na harufu ya utamu, zulia la upande wa abiria limelowa na lina utelezi, na maji yanapungua bila tone kuonekana chini ya gari, hapo usijisumbue na mengine. Msichanganye tu na maji ya ac wakati wa joto: yale ni maji matupu, hayana rangi wala utelezi. Na tafadhali msionje. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli, tamu kweli, na ni sumu inayoharibu figo. Mbwa na paka wa watu hufa kwa kulamba kidimbwi chake, na mtoto mdogo naye yumo hatarini.

Sasa nije kwenye bei, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Dada mmoja mwenzetu, anasomea unesi na usiku anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, ana Ford F-150 ya mwaka 1995, injini ile ya silinda sita za mstari mmoja, lita 4.9. (Pikapu hiyo ni rika langu. Tunaheshimiana.) Alipiga simu gereji moja akaambiwa, "Rejeta ya hita? Tenga kuanzia dola 900." Pikapu yenyewe aliinunua 1,800. Akaamua ataendesha hivyohivyo, kitambaa mkononi na kioo cha dirisha kimeshushwa kidogo. Aliponiambia, "Kaka, baridi nitavumilia," nilimjibu hapana dada, suala sio baridi. Usiku wa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, pumzi yako mwenyewe inaganda kwenye kioo kwa ndani. Bila hewa ya moto unatazama barabara kuu kupitia tundu la ukubwa wa kiganja, na pembeni yako kuna lori la magurudumu kumi na nane. Hata ile njia ya kuunganisha mipira, ambayo ni nzuri sana Tanga, na hata hapa inaweza kukuvusha Julai, Januari haifai.

Wala gereji haikumwibia. Rejeta yenyewe ni dola 40 hadi 60, zinazobaki zote ni saa za fundi. Katika magari mengi ya siku hizi kiwandani huanza na boksi la hita, kisha dashibodi nzima inajengwa juu yake, kwa hiyo kuitoa lazima ung'oe dashibodi, usukani ushushwe, nyaya zifumuliwe. Aliyepokea simu hakuuliza gari ni la mwaka gani. Na mwaka ndio kila kitu! F-150 za umbo la 1987 mpaka 1996 rejeta ya hita inatolewa kwa kupitia nyuma ya droo ya dashibodi, ile tunayowekea karatasi za bima. Za umbo jipya lililoanza na modeli ya 1997 dashibodi lazima itoke. Jina moja, kampuni moja, tofauti ya mwaka mmoja, na kazi inaruka kutoka alasiri moja mpaka siku mbili. Kwa hiyo kabla ya kununua gari kuukuu, au kabla ya kulitupa, ulizia kwanza rejeta ya hita ya mwaka huohuo inatolewaje. Vitabu vya ukarabati mara nyingi utavikuta maktaba ya mji, bure.

Tulifanya kazi Jumamosi, watu wawili, saa nne pamoja na chai. Injini iwe imepoa kabisa, hili halina mjadala. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ukiwa kwenye mgandamizo wa mfumo unaweza kufika nyuzi 129 ndipo uchemke. Ukifungua kifuniko wakati wa moto mgandamizo unatoweka, maji yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Ikishapoa, fungua kikoki cha chini ya rejeta kubwa, toa lita kadhaa kwenye ndoo safi.

Halafu mipira miwili. Weka alama kwa utepe upi ni wa wapi. Mpira wa miaka mingi unakuwa umeshikana na bomba, na hapa ndipo mikono yenye nguvu inapotia hasara: usiusokote. Chana kwa kisu kwa urefu wake, ubandue kama ganda la muhogo, kisha ununue mwingine, ni dola chache. Ziba mabomba mawili ya rejeta kwa vitambaa, la sivyo yale maji yaliyobaki utayamwaga ndani. Tandika nailoni sakafuni hata hivyo.

Ndani, toa droo, na nyuma yake utakuta kifuniko cha plastiki kilichoshikwa na skrubu chache. Ukikuta mrija mwembamba wa hewa umeshikizwa hapo uachie taratibu, plastiki ya umri huo inavunjika kama biskuti. Kifuniko kikitoka, rejeta unaiona, unaivuta kuja kwako. Ya dada ilikuwa na ukoko wa kijani pembeni pale inapovujia, na boksi limejaa majani makavu. Safisheni majani yote, na zile sponji zinazozunguka rejeta mzihamishie kwenye mpya au mkate nyingine. Bila sponji hewa inapita pembeni ya rejeta badala ya katikati yake, utapata hita mpya inayotoa upepo wa vuguvugu.

Kabla hamjarudisha kifuniko, funga mipira, jaza maji, washa injini ipate moto huku mwenzako anamulika tochi mle ndani. Kama kuna tone, mlione sasa, sio baada ya kufunga kila kitu. Kujaza kwenyewe ni nusu kulanti na nusu maji yaliyokenekwa (distilled) yale ya chupa za dukani, maana maji ya bomba yana chumvichumvi zinazoganda kwenye vijitundu vyembamba. Mchanganyiko huo hauanzi kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Hita iwe imewekwa kwenye joto la juu, kifuniko cha rejeta kiwe wazi tangu injini ikiwa baridi, uendelee kuongeza mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Mkisikia kitu kama kijito kinatiririka nyuma ya dashibodi, hewa bado imo. Zile chupa za dawa ya kuziba matundu mimi sizipendi. Haichagui tundu, inaweza kuziba hata njia za rejeta mpya.

Kama rejeta ya kwanza ilikufa mapema bila sababu, pima umeme. Waya hasi wa mita kwenye hasi ya betri, waya chanya uutumbukize kwenye kulanti bila kugusa chuma, injini inanguruma na taa na feni vimewashwa. Ukisoma zaidi ya volti 0.4 hivi, kuna ethi mbovu mahali, na umeme unapita kwenye maji ukila aluminiamu. Safisha nyaya za ethi za injini na bodi kwanza, kisha badilisha kulanti iliyochoka, vinginevyo rejeta mpya nayo itafuata. Ya dada ilisoma 0.1, kwa hiyo ile ilikufa kwa uzee tu.

Gharama zote, pamoja na mipira, klempu na kulanti, zilikuwa dola 88. Kulanti kuukuu msimwage kwenye mtaro wala nyuma ya bweni. Kwa walio Kaunti ya Hennepin, kuna vituo vya kupokea taka za sumu za majumbani kule Bloomington na Brooklyn Park. Ibebeni kwenye galoni lenye mfuniko, mwandike juu ni nini. Asubuhi inayofuata injini ikiwa baridi angalieni kiwango cha maji tena, kwa kawaida kitakuwa kimeshuka kidogo, na baada ya wiki moja kazeni klempu kwa bisibisi, maana mpira mpya hulegea ukishazoea joto.