Gesi Ikivuja: Uhai Kwanza, Mwenye Nyumba Baadaye

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutanda sakafuni, penye magodoro ya watoto. Harufu yake inaposikika, mpangaji hasubiri idhini ya mwenye nyumba. Hufunga mtungi, hufungua madirisha, wala hagusi swichi yoyote, hata ya kuzima taa, kwani cheche moja yatosha kuwasha moto. Wote hutoka kwa ngazi, si kwa lifti. Simu hupigwa wakiwa nje. Riyadh na Jeddah, nambari ya dharura ni 911; gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ni 997. Ndipo mwenye nyumba huarifiwa, hata usiku wa manane, naye hupaswa kuleta fundi kabla ya jiko kuwashwa tena.