Kupanda Kilimanjaro Wakati wa Kiangazi

Kiangazi kiingiapo Moshi, Januari na Februari, njia za Kilimanjaro hukauka, na wageni hupita Marangu wakaupande mlima. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya bahari. Huko kila pumzi hutupatia karibu nusu tu ya hewa tuivutayo pwani, ndiyo sababu wapagazi husisitiza, "Pole pole." Mwili hutaka siku kadha wa kadha upate kuzoea. Basi, mwenzetu aumwapo kichwa, akatapika na kupepesuka, tusimhimize apande, wala tusimlaze angoje mapambazuko: tumteremshe mara moja, hata ikiwa usiku. Ujana na nguvu si kinga. Mlima utakuwapo mwakani. Roho ya mtu haina badala.