Kwa Nini Moto wa Johannesburg Uliua Watu Wengi Hivyo

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, jengo la ghorofa tano liitwalo Usindiso, katikati ya jiji la Johannesburg, liliteketea. Watu 76 walipoteza maisha, wakiwemo watoto wasiopungua 12. Miongoni mwa marehemu walikuwamo Wamalawi, Watanzania na wenyeji wa Afrika Kusini. Kwa kuwa vijana wengi wa parokia zetu huelekea kusini kutafuta riziki, tumeona vema kueleza yaliyotokea.

Januari 2024 mtu mmoja aliiambia tume ya uchunguzi kuwa ndiye aliyeuwasha, naye akashtakiwa. Lakini njiti moja ya kiberiti haiui watu 76 peke yake. Ndani, vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa mbao na maboksi, familia moja ikitenganishwa na nyingine kwa ukuta unaowaka kama karatasi. Mitungi ya kuzimia moto haikuwepo. Geti lilikuwa limefungwa, na moshi ulipojaa watu waliruka madirishani, wengine wakitanguliza watoto wao.

Jengo lenyewe lina historia ya uchungu. Enzi za ubaguzi wa rangi ndipo Waafrika walipopangia foleni ya pasi za kuwaruhusu kuwapo mjini. Baadaye likawa makao ya wanawake na watoto waliokimbia unyanyasaji. Makao hayo yalipodorora, watu wasio na pa kwenda waliingia, na wajanja wakaanza kutoza kodi. Huko majengo ya namna hiyo huitwa "yaliyotekwa". Mwenye mali, hata hivyo, alikuwa Halmashauri ya Jiji yenyewe. Tume iliyoongozwa na Jaji mstaafu Sisi Khampepe ilisema mwezi Mei 2024 kuwa jiji lilijua hali hiyo tangu 2019 angalau.

Baadhi ya viongozi waliwalaumu watetezi wa wapangaji kwa kuzuia watu wasiondolewe. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1998 inakataza kumfukuza mtu katika makazi yake bila amri ya mahakama. Lakini sisi hatuoni mahali ambapo sheria hiyo inamkataza mwenye nyumba kuweka mitungi ya kuzimia moto au kuhakikisha mlango wa dharura unafunguka.

Msiba haukuishia hapo. Miili mingi haikutambulika, ikabidi kulinganisha vinasaba na vya ndugu. Asiye na karatasi, au anayeishi kwa jina lingine, ndugu zake walio mbali watajuaje kwamba wanatafutwa? Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia zifungue daftari la wanaosafiri: jina kamili, jina analotumia huko, mtaa anaoishi, na simu ya ndugu mmoja aliyebaki nyumbani.