Wakuza uyoga, moto wa kadiri ndio kinga ya zao na ya afya yenu

UYOGA ni miongoni mwa mazao machache ambayo mtu asiye na shamba anaweza kukuza. Chumba kidogo, ndoo chache na gunia la majani makavu ya ngano vyatosha kumpatia mtu kitoweo na ziada ya kuuza sokoni. Ndiyo sababu watu wengi, mijini na vijijini, wamejaribu kukuza uyoga aina ya oista, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mamama.

Hata hivyo, wengi wa wanaoanza huvunjika moyo mapema. Siku chache baada ya kupanda, majani hugeuka rangi ya kijani au nyeusi, au huanza kunuka uvundo, na mbegu zilizonunuliwa kwa pesa nyingi hupotea bure. Lawama hutupiwa mbegu, lakini mara nyingi kosa huwa limetendeka kabla ya mbegu kufika nyumbani: majani hayakupashwa joto inavyopasa.

Isitoshe, kazi hiyo ya kupasha majani joto ina hatari zake. Maji moto, moshi wa jiko, vumbi la kuvu na chokaa vyote vyaweza kumdhuru anayefanya kazi hiyo, au watoto walio karibu naye. Hapa tunaeleza jinsi ya kuifanya vyema na kwa usalama.

Kwa nini majani yapashwe joto?

Uyoga si mmea kama sukuma wiki. Ni jamii ya kuvu. Hauwezi kujitengenezea chakula kutokana na mwanga wa jua, hivyo hula mabaki ya mimea kama vile majani ya ngano, mabua ya mpunga, magunzi ya mahindi, maganda ya maharagwe na makapi ya miwa.

Taabu ni kwamba kuna wengine wanaokipenda chakula hicho. Kuvu za aina nyingine, bakteria na mayai ya wadudu tayari wamo ndani ya majani hayo, wakisubiri unyevu tu. Ukiyalowesha na kuyapanda hivyo hivyo, wenyeji hao watakula na kuzaana haraka kuliko uyoga wako.

Dawa ya tatizo hili ni ile ile itumiwayo kwa maziwa ya pakiti. Mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba divai ikipashwa joto la wastani, bila kuchemka, viini vinavyoiharibu hufa. Maziwa nayo hupashwa joto la nyuzi 63 za sentigredi kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Kwa majani ya uyoga, kiwango kifaacho ni kati ya nyuzi 60 na 80 kwa muda wa saa moja hadi mbili.

Moto mwingi si usafi zaidi

Wengi hudhani kwamba majani yakichemshwa sana yatakuwa safi zaidi. Sivyo. Katika joto la kadiri, kuvu nyingi na wadudu hufa, lakini baadhi ya bakteria wasioleta madhara huponea. Hawa huendelea kuishi kwenye majani na kuzuia wageni wabaya wasiingie kwa urahisi. Ukichemsha mpaka hata hao wafe, majani hubaki kama nyumba isiyo na mlinzi, na kiini cha kwanza kitakachotua humo kitaenea bila kuzuiwa.

Kuua kila kiini kabisa huhitaji nyuzi 121 ndani ya chombo cha shinikizo, na baada ya hapo kupanda katika mahali safi mno. Sufuria ya kawaida haiwezi kufika huko. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Kwa bahati njema, nyuzi 60 hadi 80 hupatikana popote nchini, hata Nyahururu au Limuru.

Chagua majani yasiyo na sumu

Joto huua viini, lakini haliondoi sumu. Jambo hili halina budi kukumbukwa. Majani au magunzi yaliyokwisha kuota kuvu ghalani yasitumiwe. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na kuvu, na haiharibiwi na joto la kupikia, sembuse hili la kadiri. Hata vumbi la majani yenye kuvu ni hatari kwa mapafu ya anayeyakatakata.

Vivyo hivyo, usitumie majani kutoka shamba lililonyunyiziwa dawa karibuni, wala usipashie majani joto katika pipa lililokuwa na dawa za wadudu, mafuta ya gari au kemikali za kiwandani. Chagua majani makavu, yenye rangi ya dhahabu, yasiyonuka.

Njia ya maji moto

Hii ndiyo njia rahisi kwa anayeanza.

Kwanza, katakata majani vipande vya sentimita 3 hadi 8. Funika pua na mdomo kwa barakoa kwa sababu ya vumbi.

Pili, yatie katika gunia safi, kisha ulizamishe ndani ya pipa la maji ya nyuzi 75 hadi 80. Weka jiwe safi juu yake lisielee. Majani yanayoelea hayapati joto, na humo ndimo kuvu huanzia.

Tatu, punguza moto na kupima joto mara kwa mara. Lisishuke chini ya nyuzi 60 wala kupita 80. Anza kuhesabu saa pale maji yanapokuwa katika kiwango hicho, si pale ulipowasha moto.

Kipimajoto cha jikoni au cha maabara ndicho kifaacho. Usitumie kile cha kupimia homa. Hicho hufika nyuzi 42 tu, na kikiwa cha kioo kitapasuka na huenda kikamwaga zebaki, ambayo ni sumu.

Asiye na kipimajoto na anayetayarisha kiasi kidogo anaweza kuchanganya sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji baridi. Mchanganyiko huo huwa na joto la karibu nyuzi 75 hadi 80. Weka kilo moja ya majani makavu katika ndoo ngumu ya lita 20 yenye kifuniko, mimina maji hayo hadi majani yafunikwe, kandamiza kwa jiwe, funika, kisha uizungushie ndoo blanketi nzee. Iache kwa saa mbili.

Njia ya mvuke

Wenye majani mengi hupendelea mvuke, kwa kuwa huhitaji maji machache. Majani huloweshwa kwanza kwa saa kadhaa na kuchujwa. Pipa la lita 200 huwekwa mawe au kichanja cha mbao ndani, maji humiminwa chini ya kichanja hicho, na magunia hupangwa juu yake yasiguse maji. Mdomo wa pipa hufunikwa kwa magunia mazito. Mvuke uanzapo kutoka kwa wingi, moto hupunguzwa na kuachwa uendelee kwa saa mbili hadi nne ili joto lifike katikati ya kila gunia.

Pipa lisifungwe kamwe kwa kifuniko kisichopitisha hewa. Mvuke uliokosa pa kutokea hulipua pipa.

Kwa wasio na kuni

Kuna pia njia ya chokaa. Majani hulowekwa kwa saa 12 hadi 24 katika maji baridi yaliyotiwa chokaa iliyozimuliwa, gramu 2 hadi 4 kwa kila lita. Ukali wa maji hayo huua viini vingi bila moto.

Lakini ukali huo huo huunguza ngozi na unaweza kupofusha macho. Vaa glavu za mpira na miwani. Chokaa ikiingia machoni, yaoshe mara moja kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 20, kisha uende hospitalini. Maji yaliyotumika yasimwagwe mtoni.

Kuchuja, kupoza na kupanda

Majani yaninginizwe yachuruzike. Ili kujua kama unyevu unatosha, yashike kiganjani na kuyakamua kwa nguvu. Matone machache yakitoka, unyevu ni sawa. Yakichuruzika kama bomba, subiri zaidi, kwa sababu majani yenye maji mengi hukosa hewa na kuoza.

Hapa ndipo haraka haraka inapokosa baraka. Mbegu za uyoga ni viumbe hai, na majani ya moto huziua. Ngoja hadi yapoe chini ya nyuzi 30, lakini yasilale wazi usiku kucha. Yapoze yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa safi na kuyapanda siku hiyo hiyo. Nawa mikono kwa sabuni, na upanguse meza na vyombo kwa spiriti, mbali na moto.

Kwa kila kilo 10 za majani yaliyolowa, changanya gramu 300 hadi 500 za mbegu. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, kwa hivyo wengi hutumia ndoo zilizotobolewa matundu kandokando, ambazo huoshwa na kutumiwa tena. Mbegu zinunuliwe mahali panapoaminika. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilichoko Juja kimefundisha wakulima wengi kazi hii.

Soma rangi

Weka ndoo hizo mahali penye giza na joto la kadiri. Katika majuma mawili hadi matatu, majani yapaswa kufunikwa na nyuzi nyeupe kama pamba. Huo ndio mwili wa uyoga.

Rangi ya kijani humaanisha kuvu mshindani ameingia, aghalabu kwa sababu joto halikutosha au usafi ulikosekana. Uvundo humaanisha maji yalizidi. Unga wa rangi ya chungwa huonekana mara nyingi kwenye magunzi na makapi ya miwa. Kuvu huyu ana mbegu ngumu ambazo joto la nyuzi 60 huziamsha badala ya kuziua, na huenea upesi mno.

Ndoo iliyoharibika isifunguliwe ndani ya nyumba. Itoe nje, mbali na chumba cha uyoga, ukafukie yaliyomo. Ukiona uyoga usiofanana na ule uliopanda, usiule. Kula kile ulichopanda tu.

Linda mapafu ya jamaa yako

Usipashe majani joto kwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kazi hii huchukua saa nyingi, na makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa na kichwa, hulegea, husinzia na huweza kufa bila kujua kilichompata. Fanya kazi hiyo nje.

Pia, usikuze uyoga katika chumba cha kulala. Uyoga wa oista uliokomaa hutoa vumbi jingi la mbegu zake. Watu wengine wakilivuta mara kwa mara hupatwa na ugonjwa wa mapafu: kikohozi, homa, baridi na kukosa pumzi saa chache baada ya kutoka chumbani humo. Wengi hudhani ni malaria au mafua. Mwenye dalili hizo amweleze daktari kwamba anakuza uyoga. Vuna kabla kingo za uyoga hazijanyooka, fungua madirisha na kuvaa barakoa. Mwenye pumu awaachie wengine kazi ya chumbani.

Akiungua mtu

Pipa la maji moto lisiachwe bila mtu, na watoto wasikaribie. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na nguo zisizogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga wala yai. Vitu hivyo huhifadhi joto na kuleta viini. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitalini ikiwa malengelenge ni makubwa, au kama aliyeungua ni mtoto, au ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri.

Faida yake

Uyoga si dawa ya kila ugonjwa kama wafanyavyo baadhi ya wauzaji kuutangaza. Hata hivyo ni chakula chema. Una mafuta machache, vitamini za kundi B, madini ya potasiamu na protini kiasi, takriban gramu 3 katika gramu 100 za uyoga mbichi. Upike vizuri kabla ya kuula.

Anayetaka kuanza asikimbilie kununua mbegu nyingi. Aanze na ndoo mbili, apime joto kwa makini, na aandike katika daftari saa na nyuzi alizotumia. Ndoo hizo zikigeuka nyeupe zote mbili, atakuwa amejua kadiri ya moto wake, na hapo anaweza kuongeza nyingine bila wasiwasi.