Sarafu za Idi na Katuni za Kompyuta

Siku ya Idi, baada ya sala, nilipita Majengo, Pumwani, nikawakuta watoto wenye kanzu mpya wamejazana mlangoni pa chumba cha video, kila mmoja na sarafu yake ya idi mkononi. Ndani ilionyeshwa The Lion King ya mwaka 2019, iliyotengenezwa kwa kompyuta.

Sinema hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Toy Story ndiyo iliyofungua njia mwaka 1995. Ne Zha 2 ya Uchina, mwaka 2025, ikapita bilioni 2. Siri yake nini? Mtoto haendi sinema peke yake. Huandamana na wazazi na ndugu, na kila kichwa tiketi yake.

Sarafu za Majengo hazimo katika hesabu hiyo. Waliofanya kazi hawakupata haki yao pale. Lakini Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno ya nani? Nasi pia hatukupata kitu.

Ndugu msomaji, Abunuwasi tunaye, na vijana wajuao kompyuta wapo. Twangoja nini?